Chombo Hushuka, Hakipandi

Jumamosi iliyopita, mapema kabla sijafungua cherehani, Mama Junior alipanda kwangu na dumu jeupe la lita 10 kichwani. Dumu lenyewe zuri, nene, lina mfuniko wa kukaza na mshikio mpana. Mama Junior ni mpangaji mpya hapa Mabatini, Mwanza, nyumba ya tatu chini ya jiwe letu, na ameshajua kuwa huku juu maji ya bomba huja kwa mgawo. Siku yakitoka, kila chenye mdomo kinajazwa.

"Shikamoo dada. Nimelipata kwa elfu mbili tu, kule chini barabarani, kwa kijana wa mkokoteni. Naomba jivu nilisugue, liwe la maji ya kunywa."

Nilimwitikia, nikalipokea, nikafungua mfuniko nikanusa. Juu kulikuwa na harufu ya sabuni ya unga. Chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, ile inayopanda puani ikakufikia mpaka nyuma ya macho. Nikaligeuza. Karatasi ya ubavuni ilikuwa imebanduliwa kwa wembe, lakini kwenye kona ya chini kimebaki kipande chembamba chenye mstari wa njano.

Mstari huo naujua. Vyombo vya viuatilifu hupigwa ukanda wa rangi chini ya karatasi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Mkulima asiyejua kusoma anatakiwa aone rangi aelewe. Aliyebandua karatasi ile alielewa vizuri alichokuwa anaficha.

"Mdogo wangu, hili si la maji ya kunywa. Si la kuoga, si la kufulia, si la kuwekea kitu chochote."

Uso ulimbadilika. Elfu mbili kwake ni mboga ya siku mbili. Na mimi nilisikia vibaya kumwambia, kwa sababu mtaa mzima unajua kwamba kwangu hakitupwi kitu. Watu huniletea makopo, vipande vya vitambaa, viroba vilivyotoboka, zipu za masweta yaliyokufa. Kumwambia mtu alitupe dumu zima kunaniuma. Lakini yapo ambayo niliyaona nikiwa na miaka tisa, na sijayasahau.

Ilikuwa mwaka 1993, kwa bibi mzaa mama, upande wa Magu. Wakati huo kila kaya yetu ililima pamba, na pamba bila dawa ilikuwa haivunwi. Baba mdogo alimaliza chupa ya dawa ya pamba, ya plastiki, ngumu, ya lita moja. Akaiosha kwa mchanga, akaiosha kwa jivu, akaisuuza mara nyingi akaianika juani. Alikuwa mtu makini na hakupenda kupoteza. Kesho yake akawapa vijana waende nayo malishoni, wawe na maji wakichunga ng'ombe.

Mchana binamu yangu mmoja alirudishwa amebebwa. Mate yanamtoka bila kukoma, jasho limemlowesha kama aliyetoka ziwani, anatapika, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Walimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati, na kutoka hapo akapelekwa hospitali kwa gari la mtu aliyekuwa anapita na mizigo. Alipona. Leo ana watoto wanne. Lakini baba mdogo alikaa siku tatu hakula na watu.

Plastiki hunyonya. Hilo tulielezwa baadaye na mganga wa zahanati. Sumu haikai juu ya ukuta wa chupa tu ukaitoa kwa mchanga, inaingia ndani ya ukuta wenyewe, halafu inarudi kwenye maji kidogo kidogo. Chupa ya namna hiyo inatakiwa isuuzwe mara tatu, yale maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia yaishie shambani, kisha itobolewe ili asije mtu akaiokota.

Bibi hakujua mambo ya plastiki kunyonya, lakini jioni ile alitukusanya akatutolea sheria yake, ambayo nadhani alikuwa nayo siku zote bila kuisema: chombo hushuka, hakipandi. Chombo cha chakula kinaweza kushuka kikawa cha maji ya kuoga. Cha kuoga kinaweza kushuka kikawa cha chooni, au cha udongo. Kupanda, hapana. Hata kikiwa kipya, hata king'ae. Na chombo ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa sumu, hicho kiko chini ya ngazi zote, hakina pa kushukia tena.

Nimeishi na sheria hiyo miaka thelathini na zaidi, ndiyo inayoniamulia kila kitu kinachoingia mlangoni. Watu wanaponiuliza kitu fulani kinaweza kufanya nini kingine, naona wameanza katikati. Mimi huanza kwa kuuliza kilibeba nini.

Chukua khanga, kwa sababu ndiyo kazi yangu na naijua kwa vidole. Doti mpya ni ya kutokea: harusini, msibani, kumpelekea mzazi. Ikipauka inakuwa ya kushindia nyumbani na jikoni. Ikilainika kabisa ndiyo wakati wake mzuri wa kubebea mtoto, kwa sababu khanga mpya ina wanga na inateleza mgongoni. Baada ya mbeleko inakuwa ya kulalia mtoto. Hapo akina mama wengi huichana vipande kwa mikono wakapata madekio, na hapo ndipo ninapowasihi wasubiri kidogo, wainyanyue kwanza kwenye mwanga.

Utaona katikati pamekuwa kama wavu, lakini pembeni na kwenye pindo kitambaa kingali kizima. Katikati ndipo palipokaliwa, palipolaliwa, palipofuliwa kwa nguvu. Basi ikate urefu wake katikati kabisa, ugeuze vipande, uunganishe zile pindo mbili za nje ziwe katikati, na sehemu iliyochakaa iende pembeni ikunjwe. Unapata shuka ya mtoto ya mwaka mwingine mzima. Mashuka ya kitanda pia nayafanya hivyo, natoza elfu moja na mia tano, na wateja ninao.

Ikishindikana hata hivyo, nakata. Mikanda ya pindo ni ya kufungia miche ya nyanya, haikati shina kama kamba ya katani. Vipande vizima nasokota ngata, na hapa kwetu ngata nzuri ni jambo la shingo, maana dumu la lita 20 kichwani na ngazi za mawe mia na kitu si mchezo. Vinavyobaki ninapanga tabaka nne, ndani natia kipande cha jinzi, nashona kwa kukatisha, napata kishikio cha sufuria.

Kishikio kinahitaji pamba tupu. Chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa, uuchome kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba. Ukiyeyuka ukajikunja na kuacha punje ngumu nyeusi, hicho ni kitambaa cha plastiki, na kikigusa sufuria ya moto kitakugandia kiganjani. Hata deki, kitambaa hicho hakinywi maji, kinayasukuma tu huku na huku. Nakitumia kujazia mito.

Na kipande kikishakuwa dekio hakirudi jikoni hata kikifuliwa kwa maji yanayochemka.

Sasa bustani. Mtu asiyeishi juu ya mawe haya hawezi kujua tunavyotamani udongo. Nyumba yangu imekaa juu ya jiwe, nyuma yake jiwe, na kwenye uwazi wa kupitishia mtu mmoja kuna jiwe lingine. Nilianza na magunia ya sandarusi ya mchele, ya kilo 100, mwaka 2020 wakati wateja walikuwa wamepungua na mboga haikosi kuliwa.

Udongo nao niliuuliza ulikotoka. Kijana mmoja alitaka kuniletea wa kingo za Mto Mirongo, karibu na rahisi, lakini mto huo unapita katikati ya jiji na kupokea maji machafu ya kila aina. Sikutaka kula mchicha uliokulia humo. Nikaenda kwa shangazi Buhongwa nikarudi na viroba sita kwenye bajaji, nikachanganya na samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikapoa.

Kazi yenyewe ni ya kopo kubwa la maziwa ya unga lililokatwa kitako, likabaki bomba wazi huku na huku. Unalisimamisha katikati ya gunia tupu, ndani ya kopo unajaza kokoto, nje yake unajaza udongo hadi usawa wa mdomo wa kopo. Kisha unalivuta kopo juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo katikati ya udongo. Unaliweka kopo juu ya ile nguzo, unajaza tena, unalivuta tena, mpaka gunia lijae. Kokoto hazinisumbui, chini ya mlima wapo kina mama wanaovunja mawe kwa nyundo kutwa nzima na kuuza kwa ndoo.

Ile nguzo ndiyo bomba la maji. Ukimwagilia juu ya udongo peke yake, sehemu ya juu inalowa na ya chini inakaa kavu kama bati. Ukimwaga kwenye kokoto maji yanashuka na kusambaa kila usawa. Ubavuni unatoboa matundu kwa kisu, yakipishana, nafasi ya shibiri kutoka tundu hadi tundu, na kila tundu linapokea mche mmoja wa sukuma wiki. Juu naweka nyanya chungu mbili au mgagani. Magunia yangu manne yanatosha mboga yetu ya siku nne kwa wiki, na mwanangu Neema anawauzia majirani fungu moja moja. Maji yanayoingia humo ni ya kuoshea mchele na ya kuoshea dagaa, hayo ya dagaa yapoe na yasiwe na chumvi.

Kasoro yake ni jua. Sandarusi ikipigwa na jua la Mwanza mwaka mmoja na nusu inaanza kumeguka, unaishika inabaki mkononi kama unga. Sasa navalisha magunia mawili, moja ndani ya lingine, na la nje nabadilisha kabla halijaanza kumeguka ili vile vipande visije vikaingia kwenye udongo.

Ndoo za rangi za mafundi ujenzi nazo zipo, tatu, zimebeba mbolea. Rangi haipandi kuwa maji.

Kitu kimoja tu kwangu hakishuki, kinabaki kwenye kazi ileile ya maji ya kunywa: chupa za maji za dukani, zile za plastiki angavu za lita moja na nusu. Juu ya bati langu utazikuta kumi zimelala. Unatoa karatasi, unajaza maji, unaifunga, unailaza juani kwa muda wa saa sita nzima kukiwa na jua wazi. Kukiwa na mawingu zaidi ya nusu ya anga, siku mbili mfululizo. Miale ya jua inaua vijidudu vya kuharisha, na joto la bati linasaidia. Niliielewa kliniki nilipokuwa na mimba ya Neema, baadaye nikasoma kwamba mmoja wa waliolifanyia kazi jambo hili mwanzoni alikuwa Aftim Acra, profesa wa Beirut. Mwaka 1980 alikuwa anatafuta namna ya kutakasa maji ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaoharisha. Nililipenda hilo. Kuna mtu alifikiria maji ya mtoto mgonjwa, akaona chupa tupu na jua.

Maji lazima yawe maangavu. Simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni. Kichwa cha habari kisiposomeka kupitia maji yote yale, chuja kwanza kwa kitambaa safi. Chupa ikikwaruzika ikawa na ukungu, iondoe. Na jua haliondoi sumu, haliondoi mafuta ya taa, haliondoi dawa ya shamba. Ndiyo maana chupa yenyewe iwe ilizaliwa na maji. Siku za masika nachemsha tu.

Ndugu zangu wanaochota ziwani wana tatizo lingine, kichocho. Kwa maji ya kuoga, wajomba huko Kayenze wana pipa mbili zenye vifuniko: moja wanajaza leo na hawaligusi, wanaogea lile lililojazwa juzi. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi haviishi zaidi ya siku mbili visipompata mtu. Pipa hizo zilibeba mafuta ya kula. Waliuliza.

Nikiwa hapo Kayenze niliseme na hili, maana linanikera kwa dhati. Shemeji yangu mmoja alinijia mwaka jana akitaka vyandarua vikuukuu, niviunganishe viwe kokoro la kuvulia dagaa. Nilikataa na tukanuniana mwezi mzima. Chandarua kina matundu madogo mno, kinakomba mpaka vifaranga vya samaki ambavyo havijajua hata kukimbia. Ile dawa inayoua mbu ni sumu kali kwa samaki. Na sheria inakataza. Ziwa hili ndilo lililosomesha nusu ya watu ninaowafahamu, halafu tulinyweshe dawa ya mbu?

Chandarua kikichanika, niletee nikitie kiraka cha chandarua kingine, kirudi kitandani. Mtu mwenye chandarua kimoja tu asikipe kazi nyingine kabisa mpaka apate kipya. Kikishashindikana, kifunike vifaranga vya kuku mwewe asivibebe, au kigongomelewe dirishani. Kuanikia dagaa wa kula, kuchujia togwa, hapana. Kilibeba dawa.

Mengine ni madogo madogo ya kila siku. Mswaki uliochoka unasafisha cherehani, chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa, ambako vumbi la nyuzi hujikusanya mpaka mashine inaruka mishono. Fundi aliyeniachia ujuzi alikuwa na mswaki kabla ya kuwa na mkasi mzuri. Kipande cha mche wa sabuni, kile chembamba kisichoshikika tena bafuni, ndiyo chaki yangu ya kuchorea vitambaa vyeusi, kwa sababu alama inaondoka kwa maji ya kwanza. Vifuniko vinne vya soda vilivyogongomelewa misumari kwenye kijiti, meno nje, vinaparua magamba ya sato kuliko kisu chochote. Jivu lililochekechwa likichanganywa na maharage makavu linazuia wadudu kutoboa. Dumu la lita 5 la mafuta ya kula limekuwa kibuyu chirizi nje ya choo, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili anayetoka chooni asishike dumu. Na tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mabaki ya vitenge yote nayashonea vikapu vya sokoni, nauza kuliko ninavyouza blauzi.

Mjini kwetu mtaa mzima umepewa jina kwa kazi ya namna hii. Makoroboi. Vijana wa sasa wanalijua kwa mitumba na machinga, lakini koroboi ni ile taa ya utambi ambayo mafundi wa pale walikuwa wakiitengeneza kwa makopo na mabati chakavu, na wavuvi walikwenda nayo ziwani usiku. Sisi tulisomea taa hiyo mpaka darasa la saba, na asubuhi pua zetu zilikuwa na masizi. Bibi alikuwa nayo moja ya kopo la maziwa. Utambi ulipoisha na kopo likaanza kuvuja alilitoboa matundu akapandia kitunguu cha majani cha urembo, si cha kula. Lilikuwa limeshanywa mafuta ya taa.

Dumu la Mama Junior tulilitoboa kwa msumari wa moto, matundu manane, chini na ubavuni, kila mmoja wetu akishika upande. Tukiwa bado tumekaa nikampigia shangazi wa Buhongwa ambaye anakaanga maandazi, na Jumatatu akamtuma mwanaye na dumu la lita 20 lililobeba mafuta ya kula, bado lina utelezi. Maji ya moto, jivu, sabuni, tikisa na kokoto chache ndani, mwaga, rudia. Mara ya nne maji yalitoka bila mduara wa mafuta.

Neema akaleta rangi yake ya kucha nyekundu, kama tunavyofanya kwa vyombo vyote vya humu ndani. Kila chombo kinaandikwa chini ya mshikio: K ni cha kunywa, O cha kuoga, C cha chooni. Kikishuka, herufi ya zamani inakatwa mstari na mpya inaandikwa pembeni yake, ndiyo maana baadhi yana herufi tatu. Mama Junior aliandika K yake mwenyewe, kubwa, akaipuliza mpaka ikauka. Kisha akaomba aondoke na ile rangi ya kucha kwa siku moja, akaangalie vyombo vyake vingine.